Samaki wa Rambirambi

Samaki aliyekufa kwa bomu namjua kwa kidole, macho sihitaji. Unampasua tumbo, unaingiza kidole gumba pale uti wa mgongo unapoanzia, unavuta. Samaki aliyevuliwa kwa nyavu au mshipi uti wake umeshika nyama, ukivuta anakupinga. Huyu mwingine uti unatoka wenyewe, umekatika vipande viwili au vitatu, na pembeni yake damu imevilia, nyeusi. Utumbo si utumbo tena, ni uji. Kile kifuko cha hewa kimepasuka. Nyama ukiibonyeza inabaki na shimo. Maji yake yanakuingia chini ya kucha, na harufu yake sabuni ya mche haiitoi, wala ndimu haiitoi. Nimeishi nayo mikononi miaka sita.

Na bado niliwakaanga. Nianze kwa kusema hilo, maana watu wakisimulia habari chafu hujitoa kwanza wao wenyewe, wakawaacha wenzao wakinuka. Mimi nanuka.

Naitwa Shamsia. Kwetu ni Misima, Handeni, Mzigua wa baba na mama, lakini karai langu liko Mombo, pale mabasi yanaposimama na abiria wanashuka kunyoosha miguu. Abiria wa basi ndiye mteja bora duniani kwa sababu harudi kulalamika. Samaki wa bomu nyama yake haishiki, kwa hiyo unamviringisha kwenye unga wa ngano, unazidisha bizari, unazidisha pilipili, unamtumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka kwelikweli. Nje anakauka, na ndani hakuna anayetazama. Basi linapiga honi, mtu anakimbia na samaki wake kwenye gazeti, akifika Same ameshamaliza na kulamba vidole.

Samaki hao aliniletea Sabiri. Sabiri ni mtu wa makamo, mpole, hana tusi mdomoni, mwenye gari dogo la mizigo, kirikuu nyeupe iliyojaa matenga ya barafu. Alitoka pwani alfajiri, akapita Segera, akapita Korogwe, saa mbili asubuhi yuko kwetu Mombo. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya wengine. Sisi wakaanga samaki tulikuwa wanawake saba, na katika saba hao hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini. Tulimwita Mkombozi.

Kirikuu ile haikurudi pwani tupu. Akishatugawia samaki, Sabiri alikata kuelekea Magoma, kwenye ghala la kikundi cha wakulima. Pale alipakia mifuko ya mbolea, akaipanga chini, juu akafunika kwa matenga matupu yenye maji ya samaki, ili mkaguzi wa kizuizi cha barabarani akisogeza pua arudi nyuma mwenyewe. Ilikuwa mbolea ya ruzuku, ile ya bei nafuu inayoletwa kwa ajili ya mahindi na mpunga. Wanakikundi waliandikisha ekari ambazo hawana, wengine waliandikisha mpaka makaburi ya babu zao, na mifuko iliyozidi wakamuuzia Sabiri. Aliwaambia ni ya minazi.

Wakaamini! Hapo ndipo ninapotaka kucheka na kutapika kwa pamoja. Watu wazima, wakulima wa tangu kuzaliwa, lakini wa bara, hawajapanda mnazi hata mmoja. Wanaambiwa minazi ya pwani inakula mifuko thelathini ya mbolea kwa mwezi, nao wanatikisa vichwa: ee, kule udongo wao ni mchanga, lazima uchoke. Mimi nilifanya kibarua Pangani miaka miwili, nimeona minazi inazaa juu ya uchafu wa kuku bila mtu kuibembeleza. Nilijua ni uongo siku ya kwanza niliyousikia. Nilinyamaza, kwa sababu hayakuwa mahindi yangu.

Kisha siku moja, kwenye barafu ya Sabiri, nikakuta chembechembe nyeupe zimenasa kwenye shavu la samaki aina ya changu. Nikadhani chumvi ya mawe. Nikaweka moja ulimini. Ilikuwa chungu, halafu ya baridi, ulimi ukafa ganzi. Nimelima Misima mpaka nilipofika miaka thelathini, mbolea naijua hata gizani. Nikatema. Nikamtazama Sabiri, naye akanitazama. Basi nikaelewa kwa mara moja kwamba huko mbolea inageuzwa bomu, na kwa nini samaki wake hawana mgongo. Sabiri aliinama kwenye tenga lake. Alichukua vibua wawili wakubwa akaniongezea juu ya beseni, bure.

Nikawachukua.

Sasa nimtaje Elisha. Alikuwa mtoto wa mzee Mathias Hiza, mwenyekiti wa kikundi hicho cha Magoma na mshika funguo za ghala. Alikuwa pia mtani wangu. Ukoo wetu wa Misima na ukoo wao wa Kisambaa ni watani tangu mababu. Walipigana, wakachoka, wakaona heri wacheke na wazikane. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na wewe ukamwongezea chai. Na mkifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchekesha msibani, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anawazuia wabeba jeneza njiani mpaka apewe chochote. Anayoyasema siku hiyo hayaulizwi tena. Yanazikwa na maiti.

Elisha alikuwa na miaka ishirini na minane, mimi hamsini na mbili, na aliniita mke wake.

"Mke wangu mkubwa, shikamoo," alikuwa akisema akishuka basini na begi lake. "Leo umeoga, au kwenu Handeni maji bado mnayaonea kwenye kalenda?"

"Marahaba, mume wangu. Nasikia unaogelea siku hizi. Msambaa akiogelea, samaki wanahama."

Alikuwa askari wa doria ya baharini. Mtoto wa Magoma, aliyejifunza kuogelea kwenye mfereji wa mpunga, aliishi ndani ya boti, akilinda maji ya nchi. Nilimwona kama kioja. Nilipomuuliza analinda nini, maana kwa akili yangu adui wa baharini ni meli kubwa yenye mizinga kutoka ng'ambo, alicheka kidogo tu.

"Meli yenye mizinga sijaiona bado, mtani. Mimi nakimbizana na watu wenye chupa za bomu. Mchana wanapiga bomu kwenye matumbawe, samaki wanaelea, wanaokota robo, waliobaki wanazama wakaoze. Usiku watu hao hao wanashusha mizigo kwenye bandari bubu, na hakuna anayejua ndani kuna nini. Leo sukari, kesho binadamu. Mtu akiweza kulipua bomu mbele ya pwani yako kila siku na usimfanye kitu, hiyo pwani ni yako?"

"Sasa hayo mabomu wanayatoa wapi?"

"Huko ndiko kwenye kichekesho. Hayatoki ng'ambo. Yanatoka bara, yanapitia Segera yakiwa na stakabadhi."

Ndiye aliyenifundisha kidole gumba. Alimchukua samaki kwenye beseni langu, akampasua, akavuta uti, akaniwekea vipande mkononi. "Umeona? Huyu hakuvuliwa. Huyu aliuawa." Hakunigombeza. Alidhani sijui. Na mimi nikafanya uso wa mtu asiyejua, nikasema jamani, kumbe! Uso huo nikiukumbuka natamani kuukwangua kwa kisu cha magamba.

Mwezi wa nne akaja siku ambayo si ya likizo. Hakuniita mke. Alikaa kwenye benchi langu, akafungua begi, akatoa mfuko mtupu wa mbolea uliokunjwa. Katikati ulikuwa na alama ya rangi ya buluu, duara lenye mstari mmoja kati.

"Tumeukuta kwenye mtumbwi uliotelekezwa," alisema. "Wenzangu wameona mfuko tu. Mimi hii alama naijua, mtani. Ni ya kikundi cha baba. Likizo ya mwaka juzi niliipaka mwenyewe, mifuko mia mbili, mpaka vidole vikawa vya buluu." Akaligusa lile duara. "Wewe uko hapa barabarani kila siku. Umewahi kuona mifuko hii kwenye gari la mtu yeyote? Kwenye gari la Sabiri, kwa mfano?"

Nyuma yangu, chini ya kitenge, kulikuwa na beseni lenye samaki arobaini wa Sabiri wa asubuhi ile. Mafuta yalikuwa yameshachemka. Basi la Arusha lilikuwa linaingia.

"Sijaona," nikasema.

"Hata mara moja?"

"Mume wangu, mimi natazama karai. Magari ya watu yananihusu nini?"

Alinitazama kidogo, kisha akashusha pumzi. Sikuelewa kama ni ya kukata tamaa au ya nafuu, mpaka aliponipa ule mfuko. "Nitunzie. Sitaki kuingia nao nyumbani mkononi kama polisi. Nitamuuliza baba kwa mdomo tu."

Alirudi kesho yake mchana. "Baba anasema ghala lilivunjwa mwezi wa pili, wakaiba mifuko kumi na minne. Nimemwamini." Nikamletea mfuko wake. Akautazama, hakuupokea. "Uchome," alisema, akapanda basi. Hata yeye, maskini, alinuka kidogo siku ile, kwa ajili ya baba yake, na mimi nikampenda zaidi kwa hilo. Mfuko sikuuchoma. Nilifunikia mkaa, maana mvua zilikuwa zimeanza na mfuko mzuri hautupwi.

Haikutimia hata mwezi. Elisha na wenzake walikuwa wanaifukuza boti ya wapiga bomu, wakaikaribia, na mmoja wa wale watu akaona chupa aliyoiwasha kwa ajili ya samaki inafaa kwa kitu kingine. Akaitupa kwenye boti ya doria. Watatu waliumia. Elisha alikuwa amesimama mbele.

Tulikwenda kumzika Magoma. Watani wa Misima tulikuja kumi na mmoja, tukiongozwa na kaka yangu Ukasha, wenye manyanga na sura tulizopaka masizi kama inavyotakiwa. Mimi nilipitia Mombo kuchukua karai, kwa sababu mtani mwenye kazi ya mikono huja na chombo chake, na lile karai nililifunga kwenye kitu cha kwanza nilichokishika. Njia nzima lilikaa mapajani mwangu, na njia nzima nilikuwa najua limefungwa na nini.

Jeneza lilikuja na wenzake Elisha sita wa doria, wenye sare, na mkuu wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Halikufunguliwa. Msibani kwetu uso wa marehemu unatazamwa, watu wanapita mmoja mmoja wanaaga, na Paulina, mama yake Elisha, aliomba walifungue kidogo tu, hata mkono. Mkuu alimwinamia akamwambia, "Mama, usiombe hivyo." Wabeba jeneza walipoliinua walilishusha tena haraka, wakatazamana, kwa sababu walijiandaa kwa uzito wa mwanamume. Hilo nililiona, na Paulina aliliona pia.

Saa nne kirikuu nyeupe ikaingia uani.

Sabiri alishuka na kanzu safi, akavua kofia, akamkumbatia mzee Mathias, akalia. Machozi ya kweli kabisa, yanatiririka. Kisha akashusha matenga matatu ya samaki, rambirambi yake kwa wafiwa. Watu wakamsifu. Mathias akampokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mwanangu Sabiri," alisema. "Akuzidishie pale ulipotoa."

Wanawake wa jikoni wakaniita. "Mtani, wewe ndiye fundi. Hawa ni wako."

Nikakaa kwenye kigoda, nikashika kisu, nikampasua wa kwanza. Kidole gumba kikaingia. Uti ukatoka wenyewe. Wa pili, uti ukatoka. Wa kumi, wa ishirini, uji mtupu na damu nyeusi, mikono mpaka viwiko. Nzi walikuja, wakanifunika, sikuwafukuza. Mita ishirini kutoka pale lilikuwapo jeneza lisilofunguliwa, na sikuhitaji kuambiwa lina nini. Nikaendelea kupasua. Na mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Niliomba unga wa ngano. Nikaomba bizari, nikaomba pilipili. Waombolezaji mia tatu walikuwa wanasubiri chakula, na mkono wangu umezoea.

Nilipomaliza, nikalikunjua gunia la karai, yaani ule mfuko, nikatoboa tundu la kichwa na matundu mawili ya mikono kwa kisu cha samaki, nikauvaa juu ya nguo zangu. Mimi si mnene, ulinitosha. Duara la buluu likakaa kifuani. Sikuwa nimepanga chochote. Niliona tu kwamba siku hiyo moja katika maisha yangu naruhusiwa kusema lolote na mtu haruhusiwi kukasirika.

Jeneza lilipotoka getini, nikalala chali katikati ya njia.

Watu walipiga makofi kabla sijafungua mdomo. Mchungaji akafunga kitabu chake, akasubiri kwa subira ya mtu aliyezoea. Nikamsikia mzee mmoja akimweleza yule mkuu wa doria, "Msijali, ni watani wao hao. Ni mila."

"Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Huyu ni mume wangu! Mnakwenda kumpanda bila kuniuliza mbegu?"

Vicheko.

"Wengine wote mbolea wanawekea mahindi," nikasema, nikakaa kitako, nikajipiga kifuani kwenye ile alama. "Mzee Mathias mkulima kweli! Yeye amemwekea mtoto! Tena hakumwekea hapa shambani, amempelekea mpaka baharini, kwa gari, na barafu juu!"

Waliangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Ukasha, kaka yangu, akatingisha manyanga.

"Ghala halikuvunjwa!" nikasema, na sauti ilikuwa imeanza kunikatika. "Jamani, ghala lilifunguliwa kwa ufunguo! Sabiri, simama wakuone, mkwe wangu, mwenye minazi! Minazi gani hiyo inazaa maiti? Na samaki mtakaokula leo wamekufa kifo kimoja na marehemu, ni ndugu zake, nendeni mkawapasue muwaone! Mimi nimewakaanga! Mimi nilijua! Aliniuliza nikamwambia sijaona!"

Nilikuwa nalia wakati huo, machozi yanashuka kwenye masizi, na hilo likawamaliza kabisa. Mtani anayelia kwa kuigiza vizuri namna ile hawajamwona miaka mingi. Walicheka mpaka wengine wakachuchumaa. Sabiri naye alicheka, akainua mkono kama mtu aliyetajwa harusini. Vijana wawili wenye sare walitabasamu kwa aibu. Sarafu zikaanza kunidondokea, mapajani, kichwani, moja ikanigonga jino. Niliwatazama mmoja mmoja, wale wanakikundi, wale walioandikisha makaburi ya babu zao, vinywa wazi, na nikawachukia kwa chuki ambayo hata mchwa simchukii. Nilisema yote. Hakuna nililolibakiza. Nililisema mahali pekee ambapo lisingesikika.

Mathias hakucheka. Alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yangu, akatoa noti ya elfu kumi, akanishikisha.

"Pokea, mtani," alisema. "Nyamaza, tumzike."

Ndiyo maneno yenyewe yanayotakiwa na mila, neno kwa neno. Lakini macho yake yalikuwa yananiomba. Watu wote wananitazama. Mtani akishapewa, anapisha.

Nilipokea, nikapisha njia.

Baada ya maziko watu waliketi kwa makundi, masinia yakaanza kupita. Wali, maharage, na samaki wa Sabiri waliokauka vizuri, rangi ya dhahabu. Walisifiwa. Nilikaa peke yangu kwenye ukuta wa jiko, bado nimevaa ule mfuko, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuuvua. Mathias aliletwa akakalishwa jirani yangu, kwenye mkeka, ili mtani amchangamshe mfiwa. Hatukutazamana.

Paulina akaja na sinia dogo, akaliweka kati yetu, akapiga magoti. Juu ya wali alikuwapo changu mmoja mkubwa. Hakutukaribisha. Alimshika yule samaki, akampasua ubavuni, akaingiza kidole gumba, akavuta. Uti ukatoka vipande vitatu. Akavipanga ukingoni mwa sinia.

"Elisha alinifundisha," alisema. "Siku ile aliyokuja si ya likizo."

Mathias akasema, "Mama Elisha, watu wanatazama."

Paulina akafuta kidole gumba kwenye kanga. Alinigeukia mimi. "Mtani, yale uliyoyasema njiani yalikuwa utani?"

Swali hilo haliulizwi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiliuliza. Kaka yangu Ukasha, aliyekuwa karibu, alikohoa kuniokoa, akasema, "Mama, ya watani yameshazikwa." Angeuliza mtu mwingine yeyote ningecheka, ningesema ah, mtani ni mwehu. Njia ilikuwa wazi kabisa, na noti ya elfu kumi ilikuwa bado imo kwenye kiganja changu, imelowa.

"Hayakuwa utani, mama Elisha."

"Aliniambia alikupitia pale Mombo, akakuuliza. Akaniambia, mama, mtani hajaona kitu, mtani hawezi kunidanganya mimi. Ndiyo maana alikubali kumwamini baba yake."

Sikulijua hilo. Wiki zote hizo nilidhani uongo wangu ulikuwa mdogo, kwamba wa baba yake ndio ulikuwa uongo wenyewe.

"Nilimdanganya," nikasema.

"Niliambiwa ni ya minazi," Mathias alisema haraka. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wallahi mimi, Mungu ananiona, sikujua ni..."

"Alipokuuliza ulikuwa umeshajua," Paulina alisema. "La sivyo usingemwambia ghala limevunjwa."

Hakupaza sauti. Alimkata yule changu katikati kwa mikono, nusu akaiweka upande wa mume wake, nusu upande wangu. Kisha akanyoosha mkono, akagusa ile alama kifuani kwangu. "Vua."

Nikavua. Aliukunja ule mfuko mara nne, duara la buluu likabaki juu, akainuka, akapangusa magoti. Hema la wageni lilikuwa ng'ambo ya ua. Yule mkuu wa doria na vijana wake sita walikuwa wanakunywa chai, na jirani yao, kwenye kiti cha heshima, alikuwa amekaa Sabiri.

"Kuleni," Paulina akatuambia. "Ni rambirambi ya mwanangu, isitupwe."

Akaenda. Alitembea katikati ya ua, polepole, amekumbatia mfuko, na watu wakampisha wakidhani ni nguo za marehemu. Nilimwona mkuu akisimama kumpokea. Nilimwona Sabiri akiweka kikombe chini.

Mathias alikuwa ameshamega. Alitafuna muda mrefu, koo lake likapanda na kushuka, akamega tena. Nami nikanyoosha mkono. Samaki alikuwa mtamu. Nilimkaanga mwenyewe.